Kijana anapiga kila mpira, mbona hapandishwi ligi kuu?

Swali: "Tunaishi Marekani, na kwa ajili ya watoto nyumba nzima imeingia kwenye besiboli. Timu yetu ina chipukizi wa miaka 21 aliye Triple-A, daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Tangu mazoezi ya Machi anapiga kila anachorushiwa, lakini msimu umeanza na hawajamleta ligi kuu. Wanasema ulinzi wake haujakomaa. Tumesikia pia kwamba aliwekewa mezani mkataba wa miaka minane, dola milioni 70, akaukataa. Mume wangu anasema kijana ni mlafi na hana shukrani, acha akae hukohuko chini mpaka akili zimrudie. Mimi naona wanamwibia mtoto wa watu mchana kweupe, na nimeanza kufikiria kuacha kununua tiketi. Nani kati yetu yuko sahihi? La pili: mtoto wa dada yangu ana miaka 17, anacheza timu ya shule, na kuna bwana amejitokeza anataka kuwa mshauri wake. Ameshaleta karatasi ya kusaini. Tufanyeje?"

Dada, wewe na mzee mnabishania mambo matatu mkidhani ni moja: kama kijana yuko tayari, kama klabu inamchelewesha makusudi, na kama alikosea kukataa mkataba. Jibu la moja haliamui jingine. Inawezekana kijana hajaiva na bado klabu inacheza na kalenda. Inawezekana pia alikataa ofa nzuri na bado asiwe mlafi.

Nianze na neno "wanamwibia". Klabu ikimwacha chipukizi wake Triple-A haivunji kanuni yoyote, wala kijana hana mkataba unaoilazimisha kumpandisha. Alipoandikishwa akiwa mdogo, klabu ilipata haki ya kuamua acheze daraja gani. Tatizo, na hapa hasira yako ina msingi, ni kwamba kanuni zenyewe zinailipa klabu inayochelewa kidogo. Ukishajua malipo hayo yanatoka wapi, utajua pia wapi pa kutazama.

Kila mchezaji wa ligi kuu huhesabiwa siku za utumishi. Si mechi alizocheza, ni siku za kalenda alizokuwa kwenye kikosi, hata kama alikaa benchi wiki nzima, hata siku za mapumziko, hata akiwa kwenye orodha ya majeruhi wa ligi kuu. Msimu una siku 186 au 187 hivi. Siku 172 zinahesabiwa kuwa mwaka mzima. Akifikisha miaka sita ya namna hiyo, mkataba wake ukiisha anakuwa mchezaji huru na klabu zote 30 zinaweza kumgombania. Kabla ya hapo, klabu iliyomlea ndiyo pekee ya kuzungumza naye.

Sasa piga hesabu. Msimu wa siku 187, ukimwacha chini siku 16 za mwanzo, anamaliza mwaka na siku 171. Amepungukiwa siku moja. Miaka mitano mingine akicheza yote, anasimama kwenye miaka mitano na siku 171, na klabu inakuwa naye mwaka wa saba. Klabu imemkosa kwa nusu ya Aprili, kipindi cha baridi ambacho viwanja viko nusu tupu, na imelipwa msimu mzima wa mchezaji mwenye miaka 27 au 28, umri ambao wengi huwa kwenye kilele chao. Hata mimi ningekuwa mhasibu wa klabu ningeiona hesabu hiyo.

Kwa kijana, siku zile 16 zenyewe si hasara kubwa. Mwaka 2023, kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu kilikuwa dola 720,000, yaani karibu dola 3,870 kwa siku, wakati Triple-A kima cha chini kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Siku kumi za ligi kuu zinaupita mshahara wa mwaka mzima wa chini. Ndiyo, inauma, lakini kidonda chenyewe kiko miaka sita mbele: anaingia sokoni akiwa amezeeka mwaka mmoja, na soko la besiboli halina huruma na mtu wa miaka 30.

Mfano unaotajwa kila mara ni Kris Bryant wa Chicago Cubs. Mazoezi ya mwaka 2015 alipiga wastani wa .425, yaani alifanikiwa mara 42 hivi kati ya 100, na homurani tisa, mipira iliyovuka uzio. Cubs walisema ulinzi wake besi ya tatu unahitaji kunolewa, wakampeleka Triple-A, msimu ukaanza tarehe 5 Aprili bila yeye. Tarehe 17 Aprili wakamwita. Msimu ule ulikuwa na siku 183. Ondoa zile 12 za mwanzo, zinabaki 171 kamili. Mwaka huohuo akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake, mwaka uliofuata mchezaji bora kabisa na bingwa wa dunia. Aliwasilisha malalamiko kupitia chama cha wachezaji mwishoni mwa 2015. Uamuzi ulitoka mwanzoni mwa 2020, na alishindwa: msuluhishi hakuridhika kwamba klabu ilikiuka mkataba. Ulinzi gani unakomaa kwa siku 12, kila mtu alijiuliza, lakini kujiuliza si ushahidi. "Ulinzi" ni kisingizio kizuri kwa sababu hauna namba moja ambayo shabiki anaweza kuibamiza mezani.

Kuna mtego wa pili, uko mwezi Juni. Baada ya miaka mitatu ya utumishi mchezaji anaingia kwenye usuluhishi wa mshahara: yeye anataja kiasi, klabu inataja chake, na wasipoelewana jopo la watu watatu linachagua kimojawapo bila kugawa katikati. Hapo ndipo mshahara unapoanza kupanda kwa mamilioni. Lakini asilimia 22 ya wenye siku nyingi zaidi kati ya wale walio na miaka miwili na zaidi lakini hawajafikisha mitatu wanaingia mwaka mmoja mapema, na hivyo wanapata usuluhishi mara nne badala ya tatu. Mstari wao kwa kawaida huangukia kwenye miaka miwili na siku kati ya 115 na 140 hivi. Klabu hupenda wake abaki chini ya mstari huo, ndiyo maana kila mwaka unaona chipukizi wakipandishwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni kama vile wote wamekomaa wiki moja.

Angalia pia kama kijana wenu yuko kwenye orodha ya wachezaji 40 wa klabu. Kama yumo na ameshushwa, akikaa chini jumla ya siku zisizofika 20 kwa msimu, zile siku anarudishiwa kama utumishi, kwa hiyo klabu inayotaka kumkata mwaka inabidi imwache siku 20 au zaidi. Kama hayumo, kama alivyokuwa Bryant, siku 16 zinatosha. Mashabiki wengi wanakosea hapa: wanahesabu 16 kwa kila mtu.

Mkataba wa pamoja kati ya klabu na chama cha wachezaji wa mwaka 2022, uliopatikana baada ya klabu kuwafungia wachezaji milango kuanzia tarehe 2 Desemba 2021 hadi 10 Machi 2022, ulijaribu kuziba tundu hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni chambo: chipukizi anayetambulika kwenye orodha kubwa za vijana 100 bora, akikaa na klabu kwa utumishi wa mwaka mzima tangu mwanzo, kisha akawa mchezaji mpya bora, au akaingia tatu bora za kura za mchezaji bora au mrushaji bora kabla ya kufikia usuluhishi, klabu inapewa nafasi ya ziada ya kuchagua kwenye drafti, ile siku klabu zinapopeana zamu kuchagua vijana wapya. Seattle walimweka Julio Rodríguez kikosini siku ya kwanza ya 2022, akashinda, wakavuna nafasi hiyo. Ya pili ni adhabu: aliyechelewa kupandishwa akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji mpya bora, anahesabiwa mwaka mzima hata kama siku zake hazitoshi. Paul Skenes alianza kuirushia Pittsburgh tarehe 11 Mei 2024, akashinda tuzo, akapewa mwaka mzima. Klabu ilikosa mwaka wa saba, na nafasi ya drafti haikupata.

Je, tundu limezibwa? Kwa vijana watatu au wanne wanaotazamiwa kuwa nyota, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwa yule wa daraja la pili, ambaye hakuna anayetarajia ashinde tuzo, hesabu ya siku 16 iko palepale. Hakuna aliyempigania sana, na chama cha wachezaji kilisaini kanuni hizi pamoja na wamiliki. Mtu asikwambie kwamba wenye klabu peke yao ndio walioandika kalenda. Kwa miaka mingi waliokuwa wakipiga kura chamani ni hasa wale waliokwisha kufika ligi kuu. Wachezaji wa ligi za chini waliingia chamani Septemba 2022 tu.

Sasa kijana mwenyewe: yuko tayari? Hapa namwonea huruma mzee, maana huenda kuna hoja mbele yake ambayo hakuitumia. Wastani wa kupiga wa wiki tatu hauna maana kubwa, na wa Triple-A unahitaji kuchujwa. Viwanja kadhaa vya ligi ya magharibi, kama Albuquerque na Reno, viko juu sana kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali, na mpira unaorushwa ili upinde haukati kama kawaida. Badala ya wastani, tazama mambo mawili. Kwanza, katika kila mara 100 anapokwenda kupiga, anatolewa kwa strike tatu mara ngapi? Akizidi 28 hivi huko chini, ligi kuu watamla. Pili, anafanya nini na mipira ya maili 95 kwa saa na zaidi ikirushwa juu ya eneo, maana warushaji wengi wa Triple-A hawana kasi hiyo kila siku na kijana anaweza kujificha kwa miezi. Tazama vilevile anapangwa wapi. Klabu ikisema tatizo ni ulinzi wa besi ya tatu, halafu huko chini anachezeshwa kama mpigaji tu bila glavu siku tatu kwa wiki, basi maneno na matendo haviendani.

Na tarehe peke yake haimtii mtu hatiani. Adley Rutschman wa Baltimore alipandishwa tarehe 21 Mei 2022, tarehe inayonuka, kumbe alikuwa ameumia msuli wa mkono kwenye mazoezi. Vladimir Guerrero Jr. alipiga .381 ligi za chini mwaka 2018 na Toronto hawakumwita hata Septemba. Hapo malalamiko yalikuwa na uzito. Lakini mwaka uliofuata, alipochelewa mpaka 26 Aprili, alikuwa kweli ameumia ubavu mwezi Machi. Mchezaji huyohuyo, mwaka mmoja kisingizio, mwaka wa pili sababu. Mwaka 2025 klabu hiyohiyo ilimpa dola milioni 500 kwa miaka 14, kwa hiyo wasiwasi wa mashabiki kwamba kijana akicheleweshwa lazima ataondoka kwa kinyongo haukuthibitika kwake.

Ushahidi wa wazi hupatikana mara chache, kwa sababu wenye klabu wamejifunza kunyamaza. Aliyesahau kunyamaza ni Kevin Mather, aliyekuwa rais wa Seattle Mariners. Februari 2021, akizungumza kwa video na klabu ya Rotary ya Bellevue, alieleza kwa mdomo wake kwamba Jarred Kelenic na Logan Gilbert hawangeonekana uwanjani mwaka uliotangulia kwa sababu ya siku za utumishi, na kwamba Kelenic alikataa mkataba wa muda mrefu. Video ikasambaa, akajiuzulu. Hiyo ndiyo hali inayokaribia kabisa ile mnayoisimulia: kijana akataa karatasi, kijana abaki chini. Kumwambia mtu "saini ndiyo upande" ni jambo ambalo mimi naliita chafu hata kama halikatazwi kwa maandishi, kwa sababu klabu inageuza uamuzi wa uwanjani kuwa fimbo ya mezani. Kama kuna taarifa za kuaminika kwamba kijana wenu aliambiwa hivyo, niko upande wako moja kwa moja. Kama ni mkusanyiko wa matukio mawili tu, ofa kukataliwa na Aprili kupita, subirini muone ataitwa lini.

Tuje kwenye dola milioni 70. Mzee anaona namba kubwa na kijana wa miaka 21 anayeigeuzia mgongo. Tuifungue. Miaka mitatu ya kwanza bila mkataba huo atalipwa kima cha chini au karibu yake, tuseme milioni 2.4 kwa jumla. Miaka mitatu ya usuluhishi, kanuni ya kukadiria ni asilimia 40, 60 na 80 ya bei yake ya soko. Akiwa mchezaji mzuri wa dola milioni 20 kwa mwaka, hiyo ni milioni 8, 12 na 16, jumla 36. Miaka miwili iliyobaki angekuwa huru, milioni 20 kila mmoja. Jumla kuu ni milioni 78 na ushee. Kwa hiyo ofa ya 70 inamkata kama asilimia kumi tu ili klabu ibebe hatari yote ya goti kuvunjika. Hiyo si dhuluma. Akiwa nyota wa milioni 35 kwa mwaka, hesabu hiyohiyo inazidi milioni 130, na ofa inakuwa kama kuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi.

Lakini namba ya juu si sehemu hatari zaidi ya mikataba hii. Sehemu yenye meno ni miaka ya hiari ya klabu, ile inayoandikwa mwishoni na ambayo magazeti huitaja kwa sentensi moja. Ozzie Albies wa Atlanta alisaini mwaka 2019, akiwa na miaka 22, miaka saba kwa milioni 35, na nyuma yake hiari mbili za klabu za milioni saba kila moja. Akicheza vizuri klabu inamshikilia mpaka miaka 30 kwa bei ya mchezaji wa akiba; akiporomoka inamwacha. Yeye hana hiari ya upande wake. Kabla hamjamhukumu kijana wenu, tafuteni kama ile miaka minane ilikuwa minane kweli au ni minane na miwili au mitatu juu. Pengine hakukataa fedha. Alikataa kuingia sokoni akiwa na miaka 32.

Waliokataa hawakupata matokeo ya aina moja. Juan Soto aliikataa Washington milioni 440 mwaka 2022, watu wakamshangaa, na Desemba 2024 akasaini na New York Mets milioni 765 kwa miaka 15. Kelenic alipandishwa tarehe 13 Mei 2021 na akapiga .181 msimu ule; karatasi aliyoiacha ingemfaa. Waliokubali mapema nao: Scott Kingery alisaini na Philadelphia milioni 24 kwa miaka sita mwaka 2018 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, na kipaji hakikutokea. Fedha zile zilimwokoa. Bobby Witt Jr. alisubiri miaka miwili akiwa uwanjani, thamani yake ikapanda, akachukua milioni 288.8 kwa miaka 11 kutoka Kansas City. Kama kijana alipata bonasi kubwa ya kusaini alipochaguliwa kwenye drafti, ana mto wa kulalia na anaweza kubahatisha. Kama alisainiwa kwa dola elfu kumi huko Jamhuri ya Dominika na kuna ukoo mzima unamtegemea, ningemshauri achukue, hata kama ni nafuu kwa klabu. Shukrani haina nafasi kwenye hesabu hii. Klabu haimpi zawadi; inanunua hatari kwa punguzo.

Kuhusu tiketi. Naheshimu mtu anayekataa kulipia asichokiafiki, ila ujue fedha zinavyosafiri. Klabu huchangia asilimia 48 ya mapato yake halisi ya ndani, tiketi zikiwemo, kwenye mfuko wa pamoja unaogawiwa sawa kwa klabu zote 30. Tiketi yako ya dola 40 isiponunuliwa, mwenye klabu anasikia takriban nusu ya maumivu hayo. Nusu nyingine inasambaa kwa wenzake. Halafu kuna fedha za televisheni ya kitaifa ambazo zinaingia hata ukilala. Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki wa Oakland walifanya kinyume, wakajaza uwanja watu 27,759 kuonyesha kwamba timu inapendwa na mwenye klabu ndiye tatizo. Ilikuwa siku nzuri. Timu ilihama hata hivyo, na tangu 2025 inachezea Sacramento ikisubiri uwanja wa Las Vegas. Ukienda kumtazama kijana huko Triple-A badala ya ligi kuu, furahia mchezo, lakini usidhani unamwongezea mshahara: timu nyingi za chini zina wamiliki wao, na wachezaji hulipwa na klabu kubwa.

Ukitaka kuiuliza klabu yako swali lenye makali, uliza inafanya nini na mgao wa mfuko wa pamoja. Makubaliano yanataka fedha hizo zitumike kuimarisha timu uwanjani, na mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya Pittsburgh, Tampa Bay, Miami na Oakland kwa jambo hilohilo. Klabu inayochelewesha chipukizi siku 16 huku ikiwa na mishahara ya chini kabisa ligi nzima ina tabia tofauti na ile inayofanya hivyo kisha ikatumia kilichookolewa kununua mrushaji. Na kanuni za utumishi zenyewe zitarudi mezani, kwa sababu mkataba wa pamoja unakwisha tarehe 1 Desemba 2026.

Naomba pia usiliweke jambo hili kapu moja na wizi wa ishara wa Houston Astros. Mwaka 2017 wao walitumia kamera ya uwanjani kusoma ishara za mdakaji na kugonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira unaokuja. Kanuni ilikataza, walijua, na Januari 2020 walitozwa dola milioni tano, wakanyang'anywa nafasi za juu za drafti za miaka miwili, na meneja mkuu na kocha wakasimamishwa mwaka mmoja kisha klabu ikawafukuza. Ule ni udanganyifu. Hili la kwenu, hata likithibitika, ni ubahili uliohalalishwa. Vyote viwili vinaweza kukuudhi, lakini cha kwanza dawa yake ni adhabu na cha pili dawa yake ni kubadilisha kanuni.

Sasa mtoto wa dada yako, ambalo kwangu ndilo swali la haraka zaidi, maana kuna kalamu karibu.

Asisaini kitu, na wazazi wake wasisaini. Ombeni nakala ya karatasi mkae nayo nyumbani. Bwana akikataa kuiacha, mazungumzo yaishie hapo. Mkishaipata, tafuteni asilimia ni ngapi, na ni asilimia ya nini. Wakala wa kawaida huchukua asilimia nne au tano ya mkataba anaoujadili yeye. Ikiandikwa "mapato yote ya baadaye", hiyo ni biashara nyingine kabisa: kuna kampuni zinazotoa fedha leo kwa kubadilishana na sehemu ya mapato ya ligi kuu kwa maisha yote ya mchezo. Asipofika ligi kuu hadaiwi, na ndiyo maana inavutia. Fernando Tatis Jr. alisaini makubaliano ya namna hiyo akiwa ligi za chini, akaja kupata mkataba wa milioni 340 mwaka 2021, na mwaka 2025 akaishtaki kampuni husika. Tazameni pia makubaliano yanadumu miaka mingapi, mnajitoaje, na mkigombana mnakwenda mahakama ya jimbo gani.

Majimbo mengi yana sheria inayomtaka wakala wa wanamichezo wanafunzi ajisajili, aweke onyo kwenye mkataba kwamba kusaini kunaweza kumkosesha kijana haki ya kucheza chuoni, na kumpa mwanafunzi siku 14 za kufuta sahihi yake. Muulizeni bwana amesajiliwa wapi, kisha piga simu ofisi ya jimbo mwulize wao wenyewe. Muulizeni pia kama ana cheti cha chama cha wachezaji wa ligi kuu. Kanuni za vyuo kuhusu mawakala hubadilika na zina vipengele vingi, kwa hiyo msitegemee maneno ya kocha wala yangu: andikieni ofisi ya kanuni ya chuo anachokitaka, mpate jibu la maandishi.

Kuna jambo linalowahusu wageni hasa. Kijana anayesoma sekondari Marekani anaingia kwenye drafti, hata kama pasipoti yake ni ya Kongo au Kenya. Soko la kimataifa, lile waliloingilia vijana wa Uganda Ben Serunkuma na Umar Male waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022, si lake. Akija mtu na kuahidi kumpitisha huko, au kumshauri apunguze umri, mfungieni mlango. Na kama bado hana ukaazi wa kudumu, kusaini mkataba wa kulipwa ni kazi mbele ya sheria ya uhamiaji. Hapo jibu la kuandika kama hili halitoshi. Mnahitaji kukaa ana kwa ana na wakili wa uhamiaji, na wakili wa mikataba mwenye leseni ya jimbo lenu, ambaye mnamlipa ninyi na si yule bwana. Saa mbili za kila mmoja zinatosha kwa hatua hii. Vyama vya mawakili vya majimbo huwa na huduma ya kuwaelekeza watu kwa bei nafuu.

Mwambieni bwana mtampa jibu baada ya kuonana na mawakili. Akisema nafasi inafungwa Ijumaa, mrudishieni karatasi yake Alhamisi.